Kabla ya Kufunga, Angalia Kibofu

"Mama, ukikohola, mukojo inatokaka?"

Kwa Kiswahili chetu cha Katanga, hilo ndilo swali linalopaswa kutangulia kisu. Mama akijibu kwamba mkojo humponyoka anapokohoa, anapocheka au anapojitwisha ndoo ya maji, hiyo ni hali moja: misuli na nyuzi zinazoushikilia mrija wa mkojo zimelegea, mara nyingi kwa sababu ya uzazi. Akisema haja humjia kwa ghafla, akakimbia na asifike chooni, hiyo ni hali nyingine, na tiba yake huanzia kwenye mazoezi na dawa. Akisema mkojo hutiririka tu, usiku na mchana, bila kukohoa wala kuhisi haja, huyo huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Majirani watasema wote watatu "wanatokwa na mkojo". Munganga, yaani daktari, akiwachanganya kama majirani wanavyowachanganya, atampasua mtu kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Nimeanzia hapo makusudi. Mazungumzo ya kupunguza majeraha ya kibofu katika upasuaji wa wanawake wanaovuja mkojo huanzia mezani, taa zikishawashwa, na hapo tayari tumechelewa. Jeraha baya kuliko yote ni la mwanamke ambaye hakuhitaji kupasuliwa. Kumtambua hakuhitaji mashine. Mama ajaze kibofu, akohoe, muuguzi aangalie. Pakiwa na shaka ya tundu, vipande vitatu vya shashi nyeupe huwekwa ukeni, kibofu kikajazwa maji yenye rangi ya buluu kupitia mpira wa mkojo, mama akatembea kidogo, kisha shashi zikatolewa moja moja. Ya ndani ikiwa na buluu, kibofu kimetoboka. Ya nje peke yake ikiwa na buluu, mkojo umetoka kwa njia yake ya kawaida. Ya ndani ikilowa bila rangi yoyote, tatizo liko juu zaidi, kwenye mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Kipimo hiki ni cha miaka mingi na gharama yake ni ndogo, lakini kimewaokoa wengi na kisu kisicho chao.

Ninapoyaandika haya nina Kisenge akilini. Ni mji wa manganizi magharibi mwa mkoa wa Lualaba, hapa kwetu Kongo, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kolwezi, upande wa kuelekea Dilolo na mpaka wa Angola. Madini yake yalisafirishwa kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipoikata njia hiyo mwaka 1975. Miaka miwili baadaye vita vya Shaba, jina la Katanga la wakati huo, viliufikia mji wenyewe. Leo reli ya Lobito imerudi midomoni mwa watu kwa ajili ya shaba na kobalti ya Kolwezi, na mabehewa yanapita tena. Lakini mama anayevuja mkojo katika mji kama huu bado ana safari ndefu kabla ya kumfikia daktari bingwa wa njia ya mkojo: Kolwezi kwanza, na pengine Lubumbashi, kilomita 300 nyingine mbele. Kwa hiyo swali la kibofu kujeruhiwa lina sura mbili. Ya kwanza ni ile inayosomwa katika majarida ya Ulaya na Marekani, ya upasuaji uliofanywa mahsusi ili kuzuia mkojo usivuje. Ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi huku: kibofu kinachokatwa au kushonewa wakati wa upasuaji mwingine, hasa wa kujifungua, kikawa chanzo cha uvujaji wenyewe. Fundisho la sura ya kwanza linahitajika sana katika ya pili.

Ninachotetea ni hiki: kutoboa kibofu kunaweza kumpata mpasuaji yeyote, hata aliye hodari. Kukifungia ndani kibofu kilichotoboka bila mtu kuona, hilo mara nyingi lingeweza kuzuilika, na ndilo linaloharibu maisha.

Kibofu kimekaa pabaya kwa mtu mwenye kisu mkononi. Mbele yake kuna mfupa wa kinena, nyuma yake uke na mji wa mimba, chini yake mrija mfupi wa mkojo. Kikiwa kitupu hujikunja nyuma ya kinena kama mfuko wa kitambaa. Kikijaa hupanda juu na kuingia katika njia ya kila chombo. Katika upasuaji wa zamani wa kuzuia uvujaji, ule wa mwaka 1949 wa Marshall, Marchetti na Krantz, na ule wa John Burch wa mwaka 1961, tumbo lilifunguliwa, daktari akaiona nafasi ile ya nyuma ya kinena, akashona tishu za pembeni mwa shingo ya kibofu na kuzining'iniza juu. Alijeruhi mara nyingine, lakini alikuwa akiona anachofanya. Mambo yaligeuka mwaka 1996, Ulf Ulmsten wa Uppsala nchini Sweden, baada ya kazi ya pamoja na Peter Petros wa Australia, alipotangaza njia ya mkanda mwembamba wa plastiki unaopita chini ya mrija wa mkojo. Daktari hukata sentimita moja na nusu tu ukeni, kisha husukuma sindano ndefu iliyopinda, nene kama kalamu, nyuma ya mfupa wa kinena hadi itokeze kwenye ngozi ya tumbo. Anafanya hivyo kulia na kushoto, bila kuona ncha ilipo. Anaongozwa na vidole vyake na mfupa.

Ilikuwa hatua kubwa. Wanawake waliokuwa wakilala hospitali siku nyingi walianza kwenda nyumbani kesho yake, na matokeo yalikuwa mazuri. Lakini sindano inayopita gizani kandokando ya kibofu, mara nyingine huingia ndani yake. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2017 yalikuta kibofu kimetobolewa kwa takriban wanawake 4.5 katika kila 100 kwa njia hiyo ya nyuma ya kinena. Ili kukikwepa kibofu, Emmanuel Delorme wa Ufaransa alibuni mwaka 2001 njia ya pembeni, mkanda ukapitia tundu kubwa la mfupa wa nyonga na kutokea kwenye paja. Mwaka 2003 Jean de Leval wa Liège, Ubelgiji, akaigeuza iwe ya kutoka ndani kwenda nje. Katika njia hizi za pembeni, mapitio yale yale yalikuta kutobolewa kwa chini ya mwanamke mmoja katika 100.

Je, basi jibu ni kubadili njia tu? Sivyo, na hapa wengi wanaosoma takwimu haraka hukosea. Njia ya pembeni huacha maumivu ya paja na kinena kwa wanawake wengi zaidi, na wanaohitaji kurudia upasuaji baada ya miaka wanaonekana kuwa wengi zaidi pia. Isitoshe, mkanda wenyewe wa plastiki umepita katika msukosuko mkubwa. Mwaka 2018 Uingereza ilisimamisha matumizi yake ya kawaida kwa wanawake, na ripoti ya Baroness Cumberlege ya mwaka 2020 ilieleza jinsi malalamiko ya wagonjwa yalivyopuuzwa kwa muda mrefu. Jeraha la kibofu lililoonekana na kutibiwa papo hapo hupona kwa wingi. Maumivu ya mkanda uliojishika ndani ya mwili hayatoki kirahisi. Kwa hiyo anayechagua njia achague kwa kumtazama mwanamke mzima, mwenye kibofu, mapaja, ndoa na kazi ya shamba.

Yaliyosaidia kweli kulinda kibofu ni mambo madogo ya mikono. Kibofu kimwagwe chote kwanza. Halafu chuma chembamba kipitishwe ndani ya mpira wa mkojo, na msaidizi akitumie kuisukuma shingo ya kibofu upande wa pili wa ile sindano inakopita: sindano ikienda kulia, kibofu kiende kushoto. Maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi yadungwe katika nafasi ya nyuma ya kinena ili yakitenge kibofu na mfupa. Ncha ya sindano isiuache mfupa hata kidogo, kwa maana mwenye kuacha mfupa ameingia kwenye kibofu au kwenye mishipa ya damu. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa hapo kabla, awe alijifungua kwa upasuaji au alishonwa kibofu kwa njia ya Burch, achukuliwe kuwa na makovu yaliyokinata kibofu kwenye mfupa, na asipewe daktari anayejifunza.

Kisha linakuja jambo ambalo ndilo moyo wa kazi yote. Kabla mkanda haujavutwa, sindano ikiwa bado mahali pake, kibofu kinajazwa maji, mililita 250 au 300, ili mikunjo yake ifunguke. Kamera nyembamba iitwayo sistoskopu, yenye lenzi ya kutazama kwa pembeni, inaingizwa na kuzungushwa taratibu. Sindano iliyotoboa huonekana waziwazi, chuma kiking'aa ndani ya maji. Ikionekana, inatolewa, inapitishwa upya mahali sahihi, na mama anaachiwa mpira wa mkojo siku moja au chache. Tundu dogo kama lile, kwenye kibofu chenye afya, hujifunga lenyewe. Isipoangaliwa, mkanda unabaki ndani ya kibofu. Miezi inapita, mama anakojoa damu, anaumwa, anapewa dawa za maambukizi zisizokwisha, na mwisho mawe yanaota juu ya plastiki. Aliyekuwa akivuja anapokohoa sasa ana ugonjwa mkubwa kuliko ule aliokuja nao.

Mtu akija Lualaba na kambi ya upasuaji ya siku tano, akileta mikanda na asilete sistoskopu, ningemwomba arudi nayo. Sisemi hivyo kwa kudharau msaada. Bila jicho la kuangalia, ile njia haikukamilika.

Tuuache mkanda hapo. Sasa sura ya pili, ya kibofu kinachojeruhiwa katika upasuaji mwingine. Thomas Raassen, daktari wa fistula aliyefanya kazi miaka mingi akiwa Nairobi, na wenzake, walikusanya kumbukumbu za wanawake karibu 6,000 wenye fistula waliotibiwa katika nchi kadhaa kati ya mwaka 1994 na 2012. Katika taarifa yao ya mwaka 2014 walionyesha kwamba wanawake 805 miongoni mwao hawakutobolewa na kichwa cha mtoto kilichokwama. Walitobolewa na mkono wa mpasuaji. Wengi wao walipasuliwa kwa sababu ya uzazi: kujifungua kwa upasuaji, kushona mji wa mimba uliopasuka, au kuuondoa. Kwetu Kongo, madaktari wa Panzi, Bukavu, hospitali aliyoianzisha Denis Mukwege mwaka 1999, walishirikiana na wenzao wa Norway na mwaka 2011 wakachapisha uchunguzi wa fistula zinazotokana na kujifungua kwa upasuaji. Waliangalia mahali tundu lilipo. Tundu la chini, karibu na mrija wa mkojo, kwa kawaida ni la uchungu mrefu. Tundu la juu, linalounganisha kibofu na mji wa mimba au shingo yake, au mrija wa figo uliofungwa, huashiria kisu au uzi.

Nchi yetu haina upasuaji wa kujifungua mwingi kupita kiasi. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta takriban watoto 5 tu katika 100 wakizaliwa kwa njia hiyo, huku akina mama 846 wakifa katika kila uzazi hai 100,000. Tunauhitaji upasuaji huo zaidi. Ila tukiuongeza bila kuwafundisha wanaoushika, tutaongeza pamoja nao majeraha ya kibofu. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2005 ulikuta kibofu kimejeruhiwa katika upasuaji wa kujifungua 0.28 kwa kila 100: 0.14 kwa waliopasuliwa mara ya kwanza, 0.56 kwa waliowahi kupasuliwa. Hiyo ni hospitali yenye wataalamu, wagonjwa wakifika mapema. Katika hospitali ya rejea ya eneo la vijijini mgonjwa anakuja baada ya siku mbili za uchungu, nyuma ya pikipiki, na anayempasua ni daktari wa magonjwa yote, ambaye asubuhi ya siku hiyo alikuwa wadi ya watoto.

Nataka kuisogelea meza hiyo, maana huko ndiko kibofu kinakopotea.

Mtoto amekwama. Kichwa kimebana chini, na kibofu kimesukumwa juu, kimevimba, pengine kimefika karibu na kitovu. Mpira wa mkojo haupiti kwa sababu kichwa kimeukandamiza mrija. Muuguzi mwenye uzoefu huingiza vidole viwili, akakisukuma kichwa juu kidogo, mpira ukapita, na mkojo mwekundu ukashuka katika mfuko. Asiye na uzoefu huuacha. Daktari akikata tumbo chini, kama alivyofundishwa kwa uzazi wa kawaida, tabaka la kwanza analolikuta ndani linaweza kuwa kibofu. Aanze juu zaidi, kwenye utando wa tumbo karibu na kitovu, kisha ashuke akiona. Mji wa mimba nao aukate juu kidogo kuliko kawaida, maana katika uchungu mrefu sehemu yake ya chini hunyooka na kuwa nyembamba kama karatasi, na mkato wa chini huteremka hadi kwenye shingo na uke, kando ya kibofu. Palipo na kovu la upasuaji wa zamani, asikisukume kibofu kwa shashi kana kwamba anafuta meza, kwa kuwa kibofu kilichonata huchanika kabla kovu halijaachia. Akate taratibu kwa mkasi, akikaa upande wa mji wa mimba.

Mtoto anatoka. Damu inajaa. Hapo ndipo nyuzi nyingi hupita mahali pasipo pake. Kila mtu mezani anataka damu ikome, sindano inazama ndani kabisa kwenye pembe ya jeraha, na ukuta wa nyuma wa kibofu unashonewa pamoja na mji wa mimba. Hakuna aliyekata kibofu. Lakini uzi ule utaua tishu iliyobanwa, na siku ya saba au ya kumi tundu litafunguka, mama akiwa amesharudi nyumbani. Dawa yake ni kutulia: kuutoa mji wa mimba nje ya tumbo, kuubana kwa mkono, kufuta damu, kukiona kibofu kilipo, ndipo kushona.

Halafu, kabla ya kufunga, kibofu kiangaliwe. Hospitali ya rejea isiyo na sistoskopu ina kitu kingine. Chukua bomba la sindano la mililita 50, toa kisukumio chake, lichomeke kwenye mpira wa mkojo na uliinue juu kama faneli. Mimina maji ya chumvi yaliyotiwa matone ya methilini bluu, mililita 200 hivi. Laza shashi nyeupe juu ya mshono. Subiri. Shashi ikibaki nyeupe, fungua mpira, maji yashuke, endelea. Buluu ikijitokeza, umepata jeraha katika saa bora kuliko zote za kulipata: tumbo liko wazi, ganzi ingalipo, tishu bado ni laini. Lishonwe kwa uzi unaoyeyuka, tabaka mbili, lijaribiwe tena kwa buluu, na mpira ukae siku 7 hadi 14 bila kuziba. Mwanamke huyo atapona kwa uwezekano mkubwa, na pengine hatajua hata neno fistula. Kazi hii inachukua dakika tano.

Kipimo hiki kina mpaka wake: hakionyeshi mrija wa figo uliofungwa au kukatwa, kwa sababu buluu imeingia kutoka chini. Mrija ule lazima uonekane kwa macho au uguswe kwa vidole kabla ya kufunga kitu chochote pembeni mwa mji wa mimba, hasa wakati wa kuuondoa. Mgonjwa akilalamika maumivu makali ya ubavu siku ya pili, homa ikapanda, asipewe dawa ya malaria na kuachwa.

Baada ya meza, mlinzi wa kibofu ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mpira ukiziba kwa kipande cha damu, kibofu kinajaa na mshono unafumuka. Mfuko wa mkojo ndio unaozungumza kwanza: mkojo wa njano unaoendelea kushuka ni habari njema, mfuko mkavu kwa saa mbili ni wito wa kuamka, shuka lililolowa wakati mfuko ni mkavu ni dharura. Nimeona mahali pengi familia ikiachiwa kazi hii bila kuelezwa chochote. Mama mkwe analala chini ya kitanda, anaumwaga mfuko kila unapojaa, na hajui kwamba ukikauka inampasa akamwamshe mtu.

Kuna kundi la tatu la wanawake, nalo ndilo linalotufunga kwenye swali la mwanzo. Ni wale ambao fistula yao ilishonwa ikaziba vizuri, buluu haivuji tena, lakini bado wanalowa. Tundu limekwisha, mrija wa mkojo umebaki mfupi na umejaa makovu, hauwezi kubana. Wao ni wengi. Uchunguzi uliofanywa Addis Ababa na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake waliofuatiliwa bado wakivuja kwa namna fulani. Mwanamke aliyesafiri siku tatu, akapasuliwa, akaambiwa amepona, kisha akainuka kitandani na kulowa, huvunjika moyo kuliko mwanzo, na mumewe akimfukuza hana tena tumaini la kumwambia.

Kwa hao, mkanda wa plastiki haufai. Katika tishu zenye makovu na damu kidogo, plastiki hutokeza ukeni au huingia kwenye mrija wa mkojo, na sindano ya gizani haina nafasi salama ya kupita. Andrew Browning, daktari Mwaustralia aliyefanya kazi Bahir Dar nchini Ethiopia na baadaye Arusha, alieleza mwaka 2004 namna ya kuzuia tatizo hilo mapema: siku ile ile ya kushona fistula, kipande cha misuli ya mgonjwa mwenyewe huvutwa kutoka pande zote mbili na kuunganishwa chini ya mrija kama kombeo. Kwa waliokwisha kushonwa, kombeo linaweza kutengenezwa kwa utando mgumu wa tumbo au wa paja, wazo linalotumika tangu Aldridge mwaka 1942. Ni kazi ya bingwa, na isiharakishwe. Mwanamke apumzike miezi sita, afanye mazoezi ya kubana misuli, kwa kuwa baadhi yao hukauka bila kisu cha pili.

Mkoa wenye migodi kama Lualaba haukosi uwezo wa kununua haya. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Katika mrabaha, mkoa unapata 25% na serikali ya eneo 15%. Tatizo ni kwamba fedha hizo hufuata shaba na kobalti ya Kolwezi na Fungurume, huku miji ya magharibi kama Kisenge, ambayo manganizi yake ilidorora reli ilipokatika, ikibaki na sehemu ndogo. Mgao wa mkoa unaweza kurekebisha hilo. Gharama yenyewe ni sistoskopu moja Kolwezi na mtu aliyefundishwa kuitumia, chupa za methilini bluu, nyuzi zinazoyeyuka na mipira ya mkojo katika kila hospitali ya rejea hadi Dilolo, na daktari mmoja kutoka kila hospitali apelekwe Panzi au Kinshasa akakae miezi, ashike mikono ya wanaojua. Kununua mashine kubwa na kuifungia stoo ni rahisi kuliko hilo, na tumeshafanya hivyo mara nyingi mno.

Hospitali nayo iwe na daftari. Kila kibofu kilichotoboka kiandikwe: nani alipasuliwa, kwa nini, tundu liko wapi, lilionekana lini, limepona au la. Madaktari wetu huogopa kuandika kwa kuwa jeraha huonekana kama aibu, na familia ikijua kuna makelele. Naelewa. Lakini daktari asiyeandika jeraha lake la mwaka huu atalirudia mwakani mahali pale pale. Mkubwa wa hospitali akimkaripia aliyetoboa na kuona, atawafundisha wote kufunga haraka bila kuangalia.

Neno la mwisho nalielekeza kwa mama aliyejifungua kwa kisu, na kwa mumewe na mama mkwe wanaomtunza. Ukirudi nyumbani, na siku ya pili, ya saba au ya kumi kitenge kikalowa usiku bila wewe kujua, usikikunje mara nne ukakaa nacho ukisubiri kupona. Usioge kwa dawa za kienyeji wala usingoje miezi mitatu kama wengi walivyokuwa wakiambiwa. Kees Waaldijk, daktari wa fistula aliyefanya kazi Nigeria, aliwatibu wanawake 1,716 waliomfikia kati ya siku ya 3 na ya 75 baada ya kuzaa, wengine kwa mpira wa mkojo na wengine kwa kushonwa mapema, na katika taarifa yake ya mwaka 2004 alieleza kwamba zaidi ya 95% ya fistula hizo ziliziba katika jaribio la kwanza. Rudi lupitalo, yaani hospitalini, siku hiyo hiyo, sema mbele ya watu kwamba unavuja, na uombe wakuwekee mpira wa mkojo kabla hata hawajatafuta gari la kukupeleka Kolwezi.